Mfereji wa Lazaro na Vita vya Ng'ambo

Mwanangu Aminieli,

Watu waliolala nyumba moja hawaandikiani salamu, kwa hiyo naziruka. Wewe umekwenda Akheri kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia mapema. Atakulisha mpaka ushindwe kupanda mlima. Mimi nimekaa hapa barazani na ile kalamu ya kanisa ninayoandikia majina ya wabatizwa, nataka nimalize kabla jua halijazama. Mambo ya blanketi na dawa ya tumbo atakueleza shangazi, yeye ni hodari kwa hayo. Nina jambo jingine, na mbele ya uso wako ulimi wangu huwa mzito.

Kesho unashuka Arusha, bomani, kuandikwa Keya, jeshi la Mwingereza. Tumegombana kwa hilo tangu mavuno ya kahawa, mpaka majirani wakachoka kutusikia. Wazee wenzangu wananiambia mtoto akililia wembe, mpe. Ni rahisi kusema hivyo kama wembe si wa nyumba yako. Juzi, tulipokuwa tunafunga mbuzi, ulisema neno ambalo halijaniacha nilale vizuri. Ulisema, "Baba, kaka Yeremia hukumzuia. Mbona unanizuia mimi?" Nikanyamaza, nawe ukaondoka ukidhani umenishinda. Nilinyamaza kwa sababu jibu lake nimelificha tangu ulipokuwa bado unachunga mbuzi hao hao.

Nimekuambia miaka yote kwamba kaka yako alikwenda vitani kwa hiari yake, kumzuia Hitla. Nimekuambia alikufa Burma akiwa na bunduki mkononi. Umekua na hadithi hiyo, na naona ndiyo inayokuvalisha viatu kesho. Hadithi hiyo ni yangu, Aminieli. Niliitunga mimi.

Sikiliza sasa ilivyokuwa.

Unajua mfereji wetu unavyokuja: unatoka mtoni juu kule msituni, unapita kwanza kwa Mzee Lazaro, kisha unashuka kwetu. Siku zile zamu yetu ilikuwa Jumanne na Ijumaa. Mwaka ule mvua ilikawia, nami nilikuwa nimepanda miche ya kahawa mipya upande wote wa chini, miche niliyoipenda kuliko ilivyostahili. Ijumaa moja nikafungua mlango wa mfereji, maji yakaja kidogo, hayafiki hata kifundo cha mguu. Jumanne yake vile vile. Nikapanda mpaka kwenye mpaka wa Lazaro, nikaona migomba yake imenawiri, ardhi chini yake imelowa. Sikuuliza mtu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako, "Lazaro anatuibia maji." Akaniambia, "Umemuuliza?" Nikasema mwizi haulizwi.

Mama yako, Mungu amrehemu, hakupenda neno lile. Aliniambia nichukue jani la isale niende. Wewe umekulia hapa, unajua isale si jani la mpakani tu. Kwetu mtu akikuletea jani hilo huna ruhusa ya kulikataa. Unaweza kumkasirikia, unaweza kumwambia maneno makali mpaka yakuishe, lakini lazima ukae naye mzungumze mpaka mmalizane. Mimi nikaona anayepeleka jani ni mwenye kosa, na mimi sikuwa na kosa. Kwa nini nimpelekee jani mtu aliyeniibia? Nilikuwa mshili, kiongozi wa ukoo, mzee wa kanisa, mtu wa kusimama mbele za watu. Kiburi kilinivaa vizuri kuliko koti langu la Jumapili.

Tuliishi hivyo miezi minne, bila kusalimiana. Mke wake akifika kisimani, mama yako anaondoka, ingawa hao wawili hawakuwa na ugomvi wowote. Miche yangu ikakauka mmoja mmoja.

Ndipo karani wa Mangi, mtawala wetu, akaja kukusanya washili. Alisema Serikali inataka vijana wa Keya, na kila mshili alete majina mawili kutoka kwenye ukoo wake. Nilikuwa na majina, maana kulikuwa na vijana wawili waliotaka kwenda wenyewe. Ningewaandika hao, na ningekuwa sijamkosea mtu. Nilimwandika mmoja wao. Jina la pili nikaandika la Zefania, mtoto wa Lazaro.

Zefania ndiye aliyekuwa mikono ya baba yake. Ndiye aliyekuwa anapanda juu kufungua na kufunga mfereji. Nilihesabu hivi: Zefania akiondoka, Lazaro ataishiwa nguvu, maji yatashuka kwangu. Lakini hayo sikuyasema. Nilisimama mbele ya wazee nikasema kwamba kijana huyu ana nguvu na nchi inamhitaji, kwamba Hitla hazuiliki kwa maneno, kwamba mara nyingine vita ni vya lazima. Nilisema vizuri, watu wakatikisa vichwa kukubali. Na mwanangu, yote niliyoyasema yalikuwa kweli, ila hakuna hata moja lililokuwa sababu yangu.

Lazaro alikuwepo. Alinitazama. Nadhani alielewa kabla hata sijamaliza.

Sasa lipo jambo nililolisahau, na mpaka leo sielewi nililisahau vipi. Zefania na Yeremia walikuwa rika moja. Walitahiriwa siku moja, asubuhi moja ya baridi, wamekaa bega kwa bega, wakauguzwa nyumba moja mpaka walipopona. Mchungaji hakupenda mambo ya rika, lakini hata yeye alijua kwamba watu waliotokwa na damu siku moja hawaachani. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshika Yeremia mabega siku ile. Nilipoandika jina la Zefania niliona maji tu.

Jioni ile kaka yako alikuja akasimama hapa hapa nilipokaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Zefania anakwenda."

"Najua."

"Umemwandika wewe."

Kisha akasema, "Mimi na yeye tulitahiriwa siku moja."

"Wewe jina lako halimo," nikamwambia.

"Ndiyo maana nakwenda kulitia."

Hakupandisha sauti. Laiti angenipigia kelele, ningepata cha kumjibu. Nilimwambia ninamkataza, na yeye akasema anasikia, asubuhi akashuka. Kwa hiyo usiseme sikumzuia. Nilimzuia nikiwa nimekwisha kumfungulia mlango kwa mkono wangu.

Miche ya kahawa, ukitaka kujua, haikupona. Zefania aliondoka na maji hayakuongezeka hata kidogo. Nikasema Lazaro anafungua mwenyewe usiku. Ndivyo moyo unavyofanya ukishachagua adui, kila kitu kinakuwa ushahidi.

Karatasi ya kifo cha Yeremia ililetwa na mtu wa bomani, ikasomwa kanisani. Haikusema amekufa vipi. Nikajaza mwenyewe. Wewe uliniuliza kama kaka alipiga Wajapani wengi, nikakuambia wengi sana, na ukaenda kuwaambia wenzako mtoni. Nilikuona umefurahi katikati ya msiba, nikashindwa kurudisha maneno yangu.

Zefania alirudi vita vilipokwisha, sikio moja halisikii, na kabla hajafika hata kwao alikuja kwetu. Akamwambia mama yako kila kitu, nami nimekaa pembeni. Yeremia alikufa kwa homa. Kulikuwa na mvua isiyokatika na njia yote ni tope, magari yamekwama, na Zefania alimbeba mgongoni siku mbili kumtafutia daktari. Siku ya nne akafa. Zefania alisema kabla ya hapo alikuwa anauliza kama kahawa imekwisha kuchumwa. Hakumpiga mtu yeyote kwa kadiri Zefania anavyojua. Walizika watatu kwa pamoja na kusimika mti wa alama, na mahali penyewe hawezi kupaonyesha tena.

Mama yako alimpa Zefania maziwa, akamshukuru kwa kumbebea mwanawe. Mimi hakuniambia neno. Lakini wewe ulikuwa mkubwa kidogo, sijui kama ulitambua: kuanzia siku ile hakuniita tena Baba Yeremia. Miaka ishirini na zaidi nilikuwa Baba Yeremia ndani ya nyumba hii. Akaanza kuniita Baba Aminieli, kwa upole, bila hasira, na hivyo ndivyo alivyoniita mpaka alipofariki. Kila aliponiita nililisikia lile jina jingine asilolitaja. Aminieli, hiyo ndiyo adhabu kubwa niliyopata hapa duniani, na nilistahili.

Kama miezi mitatu baada ya Zefania kurudi, mama yako akaniambia, "Nenda kwa Lazaro."

"Nikamwambie nini?"

"Huna la kumwambia. Nenda na jani."

Nikaenda. Nilikata isale pale penye kona, nikapanda nalo asubuhi umande haujakauka. Lazaro alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Aliliona jani, akaweka panga chini, akalipokea, maana huruhusiwi kulikataa. Kisha akasema, "Maji yako yalipungua, ukaniletea karani wa Mangi. Kwa nini hukuja mwenyewe, Elifasi?"

Nilimwambia nilikuwa najiona nina haki. Akasema hata yeye alikuwa anajiona ana haki, na kwa hiyo tulikuwa wenye haki wawili na msiba mmoja. Tukakaa. Akaniambia maneno makali, siyaandiki hapa, alikuwa ameyaweka miaka. Yalipomwisha akamwita Zefania, tukachukua majembe, tukaanza kuutembea mfereji kutoka kwenye mto wenyewe, hatua kwa hatua, kama ilivyotupasa kufanya tangu Ijumaa ile ya kwanza.

Njiani Lazaro akakiri kwamba aliwahi kufungua maji kwenye zamu yangu mara mbili, mkewe alipokuwa mgonjwa na siku yake mwenyewe imempita. Mara mbili tu. Nami nikakiri kwamba niliwahi kusogeza jiwe la mlango wangu ili nipate maji zaidi, kabla ya ugomvi wote. Kisha, chini kidogo ya mpaka wake, palipo na jiwe kubwa, Zefania akachoma fimbo kwenye ukingo, ikazama yote. Fuko alikuwa amechimba. Maji yalikuwa yanaingia kwenye shimo la fuko, yanapita chini ya jiwe, yanatokea korongoni ambako hakuna anayelima. Miaka yote ile maji yangu alikuwa anakunywa fuko.

Zefania alicheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikageuka, akaweka uso magotini. Lazaro alitazama mlima. Mimi nilibaki nimeshika jembe. Tukaziba lile shimo kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, na wanawake walipoleta makande ya mchana tulikuwa tumemaliza. Nusu siku, Aminieli. Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu siku.

Watu husema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nimewasikia wengi hapa kwetu wakijiliwaza kwa msemo huo, kwamba vita vilikuwa vya Wazungu na sisi tulikanyagwa tu. Wapo waliokanyagwa tu, na Zefania ni mmoja wao. Mimi sikuwa nyasi. Niliona vita vikubwa vinapita, nikavipanda mgongoni ili vinipeleke kwa jirani yangu. Na nikiwaza hivyo huwa najiuliza, hao wakubwa wenyewe, wanapokaa kwenye meza zao na kusema sasa hakuna njia nyingine, ni wangapi kati yao waliotembea mfereji kwanza? Nilipokuwa kijana Mjerumani na Mwingereza walipigana hapa hapa chini ya Meru, tukabebeshwa mizigo ya wote wawili, na mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza walikuwa wanagombania nini. Siku hizi mtu akisimama na kuniambia vita fulani ni vya lazima, ninamtazama vizuri nijue anataka maji ya nani. Huenda ninawakosea wengine kwa hilo.

Lakini sitaki kukudanganya mara ya pili kwa kuifanya dunia yote kuwa mfereji. Unawakumbuka wale Wapolandi wa kambi ya Tengeru, Wazungu waliokimbia vita kwao, niliokuwa nawapelekea ndizi. Kulikuwa na mzee mmoja aliyejifunza Kiswahili cha sokoni, tukawa tunazungumza. Siku moja nilimweleza habari za isale, nikijiona nina hekima sana. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Bwana Elifasi, nyumbani kwangu watu waliingia wawili. Mjerumani mlango wa mbele, Mrusi mlango wa nyuma. Mimi ningempa nani jani?" Alikuwa amepoteza mke na watoto njiani, kwenye nchi ya barafu. Swali hilo ninalo mpaka leo. Huenda vipo vita ambavyo mtu hawezi kuvikwepa, mwizi akishaingia ndani na kisu. Kama mtu huyo angeniambia nchi nzima ichukue bunduki kwa ajili ya watoto wake, nisingeweza kumwambia hapana nikimtazama machoni.

Na wewe una hoja yako, siidharau. Ulikuwepo Ngare Nanyuki Waingereza walipotufukuza. Uliona nyumba ya baba yako mdogo inawaka na ng'ombe wanaswagwa ili walowezi wapate mashamba. Umeniambia mara ngapi, "Baba, jani letu tulilipeleka mpaka Umoja wa Mataifa. Wametusikiliza. Ardhi imerudi?" Haijarudi. Sijui kama nitaiona ikirudi. Najua tu kwamba tulikwenda tukasema mbele ya mataifa yote kwamba tumeonewa, na hakuna mama wa Kimeru aliyeletewa karatasi kutoka bomani kwa sababu hiyo. Kwako hilo ni dogo. Kwangu si dogo, maana nimeipokea karatasi hiyo kwa mikono yangu.

Ila nieleze jambo moja, kwa sababu wewe una akili kuliko mimi nilivyokuwa. Unasema unataka kujifunza bunduki kwa kuwa ndiyo lugha wanayoisikia. Unakwenda kujifunza kwa nani? Kwa yule yule aliyewasha moto Ngare Nanyuki. Na ukishajua, ni yeye atakayekuambia uielekeze wapi. Hujui hata watakupeleka wapi; mmoja anasema nchi ya Malaya huko ng'ambo, mwingine anasema Kenya. Nimesikia huko Kenya nako watu wanalilia ardhi. Siku utakapoambiwa uchome nyumba ya mtu aliyefukuzwa kwenye shamba lake, utakumbuka ya baba yako mdogo, na amri itakuwa imekwisha kutolewa. Nalifikiria hilo kuliko ninavyofikiria risasi.

Jua linashuka sasa, na Meru umejifunika wingu. Niseme na la moyoni, nisije nikajificha nyuma ya mataifa. Naogopa kubaki peke yangu. Dada zako wameolewa, mama yako amelala pale mgombani, na Yeremia hana kaburi ambalo naweza kwenda kung'olea majani. Nikipika ndizi mbili, moja inabaki. Nimewahi kukuita ndani ya nyumba wakati najua umekwenda sokoni, nisikie tu jina la mtu likitamkwa. Mzee akisema hivyo anaonekana anamfunga mtoto wake kamba, na labda ndivyo. Ndiyo sababu nimetaka ujue kwamba hofu yangu ipo, uipime na kuitoa kwenye mizani, kisha uyaangalie yale mengine bila hiyo.

Sitakuzuia. Niliwahi kumchagulia kijana wa mtu vita, nikamkataza wangu asimfuate, na vyote viwili nilivifanya kwa sauti ya mzee. Sauti hiyo siitaki tena. Ukienda, nitakusindikiza mpaka barabarani na nitakuombea kila siku, sitakusengenya kwa mtu. Ukibaki, hakuna atakayekucheka mbele yangu. Lakini ukienda, nenda kwa sababu yako mwenyewe, uliyoitembea kutoka juu mpaka chini, usiende kwa ajili ya Yeremia niliyekutungia. Yeremia wa kweli hakwenda kumpiga mtu. Alikwenda kwa sababu baba yake alimfanyia rafiki yake ubaya, na hakuona njia nyingine ya kuusahihisha ila kubeba nusu yake.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuiingiza barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukiwa umefika mbali, ambako huwezi kuniuliza kitu wala kuniona usoni. Nimeona sasa ni ule ule mchezo, wa kumpangia mtu njia kisha nikae pembeni. Kwa hiyo nitakupa mkononi kesho asubuhi, kabla hujafunga sanduku, na nitaketi mbele yako mpaka umalize kuisoma. Chochote utakachoniambia baada ya hapo, nitakisikiliza.

Baba yako,
Elifasi